Tunakana, Lakini Tutalipa

Mwishoni mwa Julai 2021 mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Tanga. Nchi ilikuwa imepokea shehena ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19, dozi zaidi ya milioni moja za Janssen zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX, na Rais Samia alikuwa amechanjwa hadharani Julai 28. Mama mdogo alijua mimi ni mwandishi wa habari, na kwenye ukoo wetu mwandishi wa habari ndiye anayetakiwa kujua kila kitu, kuanzia bei ya sukari hadi mambo ya Ikulu.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo sindano ikinidhuru, nani atanilipa?"

Nilimjibu kwa haraka ya mtu mwenye habari ya kukabidhi kabla ya saa kumi na moja. "Mama, ni salama. Usisikilize maneno ya WhatsApp."

Akanyamaza kidogo. "Sijakuuliza kama ni salama. Nimekuuliza nani atalipa."

Nikabadilisha mada. Nikaulizia mvua, nikaulizia wajukuu, tukaagana.

Simu ile haijanitoka kichwani. Swali lake lina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na zaidi ya hapo lilikuwa na jibu. Mimi ndiye sikulijua. Tangu hapo nimelifuatilia jioni baada ya kazi, katika hukumu za mahakama na vitabu vya historia ya tiba, na nimeona niliandike hapa kwa wenzangu mnaopenda kusoma. Nimekuja kugundua kwamba kiini chake ni maneno: nani anasema nini, na nani anakataa kusema nini, siku fedha zinapotolewa.

Nianze na hati moja. Mjini Washington kuna mahakama iitwayo Court of Federal Claims, ambayo pamoja na kazi nyingine husikiliza madai ya watu wanaosema chanjo imewadhuru. Maamuzi yake huwekwa wazi kwa umma, na mengi yameambatanishwa na makubaliano ya pande mbili. Ukisoma kama kumi hivi utaona yote yana umbo moja, kama mashairi yenye mizani ile ile. Kwanza inaelezwa kwamba mdai amefungua madai. Halafu inatajwa chanjo na tarehe aliyochomwa. Kisha mdai anadai kuwa chanjo hiyo ilimsababishia maradhi fulani na madhara yake yamedumu zaidi ya miezi 6. Kisha serikali, ambayo ndiyo mdaiwa, inakana: chanjo haikusababisha maradhi hayo wala ulemavu wowote alionao mdai leo. Baada ya hapo inakuja aya ambayo siku ya kwanza niliirudia mara tatu. Kwa maneno yangu, inasema kwamba kila upande ukibaki na msimamo wake, wote wamekubaliana jambo hili liishe, na mdai alipwe dola kadhaa.

Mwishoni kuna kufuli: hakuna neno lolote humo litakalohesabiwa kuwa serikali imekiri kosa.

Kwa maelezo ya serikali yenyewe ya Marekani, takriban asilimia 60 ya fidia zote zinazotolewa na mpango huo zinatokana na makubaliano ya namna hii, ambayo wizara ya afya haijaridhika kwamba chanjo ndiyo iliyoleta madhara. Yaani zaidi ya nusu ya waliolipwa wamelipwa na mtu anayesema, "Sio mimi."

Niseme ukweli, nilikasirika. Kama hukukosa, unalipia nini? Na kama unalipa, mbona hukiri?

Halafu nikakumbuka kwamba hata sisi tunalo jambo kama hili, ila letu lina jina zuri zaidi. Tembo akiingia shamba la mtu hapa Tanzania akamaliza mahindi, kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 zinampa mkulima kifuta jasho. Mnyama akiua au kujeruhi mtu, familia inapewa kifuta machozi. Na maofisa hawachoki kukumbusha kwamba hiyo si fidia. Serikali haisemi tembo ni wake wa kujibiwa mahakamani, wala haisemi kwamba ilizembea kumchunga. Inasema: tumeona umelia, shika hiki ujifute. Mkulima akipiga hesabu ya magunia aliyopoteza anakuta kilichokuja hakifiki hata nusu. Lakini anakipokea, kwa sababu watoto wanakula leo.

Basi nikaacha hasira, nikaanza kutafuta ni lini na kwa nini binadamu walifika mahali pa kuandika hati kama ile ya Washington.

Njia inaanzia kwenye furaha kubwa. Aprili 12, 1955, katika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, Dakta Thomas Francis alisoma matokeo ya jaribio kubwa la chanjo ya polio iliyobuniwa na Jonas Salk. Inafanya kazi. Kengele za makanisa zikapigwa. Polio ulikuwa ugonjwa ambao kila kiangazi uliwafanya wazazi wa Marekani wawazuie watoto kwenda kuogelea, na sasa ulikuwa umepatiwa kinga. Siku hiyo hiyo serikali ikatoa leseni kwa viwanda kuanza kuuza chanjo.

Kimojawapo kilikuwa Cutter Laboratories cha Berkeley, California. Chanjo ya Salk ilitengenezwa kwa kuua virusi vya polio kwa fomalini, ili mwili uvione na kujifunza kupigana navyo bila kuugua. Kule Cutter, katika baadhi ya matoleo, virusi vingine havikufa. Vilibaki ndani ya mabonge madogo ya mabaki ya seli, mahali ambapo fomalini haikuvifikia. Na kulikuwa na aliyeona. Mwanasayansi Bernice Eddy, aliyekuwa akipima chanjo katika maabara za serikali, alishuhudia tumbili wakipooza baada ya kuchomwa sampuli za Cutter mwaka uliotangulia. Akatoa taarifa kwa wakubwa wake. Haikusikilizwa.

Aprili 27 chanjo ya Cutter ikaondolewa sokoni. Zilikuwa zimepita wiki mbili tu, lakini zilitosha. Dozi takriban 120,000 zilikuwa na virusi hai. Watoto wapatao 40,000 walipata polio nyepesi, watu kama 200 walipooza, na 10 walikufa. Wengine hawakuwa wamechomwa sindano yoyote. Waliambukizwa na watoto wao au na majirani.

Kesi iliyokuja kuwa maarufu inaitwa Gottsdanker dhidi ya Cutter Laboratories. Ilihusu mtoto wa kike wa miaka 5 wa California aliyepooza baada ya kuchanjwa, pamoja na mtoto mwingine, na iliunguruma mjini Oakland. Wakili wa familia alikuwa Melvin Belli, mtu wa mbwembwe ambaye jina lake lilikuwa linajulikana nchi nzima. Kule kesi za madai huamuliwa na jopo la wananchi wa kawaida, na Januari 1958 jopo hilo likatoka na uamuzi wa ajabu. Kwanza, walisema, Cutter haikuzembea. Ilifuata masharti yaliyokuwepo wakati ule. Pili, hata hivyo, ilipe. Anayeuza dawa, kwa mujibu wa sheria waliyoelekezwa na hakimu, anampa mnunuzi ahadi ambayo haihitaji kutamkwa: hiki kitu kinafaa kwa kazi yake. Chanjo iliyoleta ugonjwa ule ule iliotakiwa kuuzuia imevunja ahadi hiyo, hata kama hakuna aliyekuwa mzembe. Waliodai wakapewa kwa pamoja dola 147,300, nyingi kati ya hizo zikiwa za mtoto yule. Mwaka 1960 mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Kesi nyingine nyingi dhidi ya Cutter zikamalizwa kimya kimya nje ya mahakama.

Mtu ukisimama hapo unaona mlango umefunguliwa. Kwa mara ya kwanza katika kesi kubwa ya chanjo, watu 12 wa kawaida waliweza kusema kwa pumzi moja: hukukosa, na utalipa.

Wajerumani walikuwa wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1953 mahakama kuu ya Ujerumani Magharibi iliamua kuhusu chanjo ya ndui, ambayo ilikuwa ya lazima kisheria. Hoja yake naipenda. Serikali inapomwamuru mtu achanjwe ili jamii nzima isiugue, na yeye peke yake akaumia, basi amejitoa kwa ajili ya wengine kupita kiasi ambacho raia wa kawaida anadaiwa. Wengine wote wamepona kwa mgongo wake. Hivyo anawadai shukrani yenye thamani ya fedha. Mwaka 1961 nchi hiyo ikaliweka jambo hilo kwenye sheria. Mmarekani aliuliza, "Nani aliyevunja ahadi?" Mjerumani aliuliza, "Nani aliyebeba mzigo wetu?" Swali la mama mdogo, nikilitazama sasa, lilikuwa la Kijerumani.

Marekani yenyewe ilipita njia ndefu kabla ya kufika huko. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliunga mkono hukumu iliyompa ushindi mtoto wa Texas aliyepooza akiwa na miezi 8 baada ya kupewa matone ya polio mwaka 1970. Sababu ilikuwa kwamba kampuni haikuhakikisha onyo la hatari linawafikia wazazi. Viwanda vikaanza kuogopa. Mwaka 1976 homa ya mafua ya nguruwe ilipoonekana kwenye kambi ya jeshi ya Fort Dix, Rais Gerald Ford akatangaza kuchanja nchi nzima, lakini kampuni za bima zikakataa kuwakatia bima watengenezaji. Ilibidi Bunge lipitishe sheria ya haraka: atakayedai, aidai serikali. Watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa. Janga lenyewe halikutokea kabisa, ila baadhi ya waliochanjwa wakapata Guillain-Barré, ugonjwa wa neva unaoweza kumlaza mtu akashindwa hata kupumua mwenyewe. Desemba zoezi likasimamishwa. Yakaja madai karibu 4,000, na serikali ikalipa mamilioni ya dola kwa miaka kadhaa.

Kisha ikaja DPT, chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, na hapa ndipo historia inapouma kuliko kote.

Katika miaka ya 1970 kule Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani, wazazi walianza kusimulia kisa kinachofanana. Mtoto alikuwa mzima, anacheka. Akachomwa sindano. Usiku au siku chache baadaye homa ikapanda, degedege likamshika, na tangu hapo hakuwa mtoto yule tena. Kwa Uingereza mama mmoja, Rosemary Fox, alianzisha chama cha wazazi mwaka 1973 na kupigania fidia kwa miaka. Mwaka 1979 Bunge likapitisha sheria ya malipo kwa walioathirika vibaya na chanjo: pauni 10,000, mkupuo mmoja. Lakini wakati huo huo hofu ilikuwa imeshatoka nje. Kiwango cha watoto waliochanjwa kifaduro Uingereza kilishuka kutoka takriban asilimia 80 hadi karibu 30, na kifaduro kikarudi kwa mlipuko mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1988, katika kesi ya Loveday dhidi ya Renton, jaji wa London alisikiliza ushahidi wa wataalamu kwa muda mrefu, akahitimisha kwamba haijathibitika kuwa chanjo ile inaharibu ubongo wa kudumu.

Marekani, kipindi cha televisheni cha mwaka 1982 kiliwafanya wazazi watafutane kwa simu, na wakaunda kikundi chao. Kesi zikafurika. Viwanda vikaanza kuiacha DPT kimoja baada ya kingine, bei ikapanda, na wataalamu wakaanza kuhofia kwamba chanjo zenyewe zitakwisha nchini. Kwa hiyo pande ambazo hazikuwa zikipatana, wazazi, madaktari wa watoto na watengenezaji, zikajikuta kwenye meza moja. Rais Ronald Reagan akatia saini sheria Novemba 14, 1986, na mpango wa fidia ukaanza Oktoba 1, 1988.

Utaratibu wake ni huu. Kila dozi ya chanjo inatozwa ushuru wa senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa, na ushuru huo unaingia kwenye mfuko. Anayedai kuumia hamshtaki mtengenezaji. Anaidai wizara ya afya mbele ya mahakimu maalumu. Kuna jedwali. Kama ulipewa chanjo fulani, ukapata ugonjwa ulioorodheshwa ndani ya muda ulioandikwa, inachukuliwa kwamba chanjo ndiyo sababu, na ni serikali inayotakiwa kuonyesha vinginevyo. Ugonjwa wako usipokuwemo, itabidi uthibitishe mwenyewe. Wakili analipwa na mpango hata mteja wake akishindwa, ilimradi madai yalifunguliwa kwa nia njema na yalikuwa na msingi. Hadi leo zimeshatolewa zaidi ya dola bilioni 5. Kwa miaka ya karibuni madai mengi hayahusu tena watoto; ni watu wazima waliochomwa sindano ya mafua juu mno ya bega, wakabaki na maumivu na mkono usionyanyuka. Ukigawanya waliolipwa kwa dozi zilizosambazwa tangu 2006, unapata kama mtu 1 kwa kila dozi milioni 1.

Sasa sikiliza. Mwaka 2006, miaka 20 baada ya sheria, watafiti wakiongozwa na Samuel Berkovic wa Australia walichunguza vinasaba vya watu 14 ambao ulemavu wao wa ubongo ulidaiwa kuletwa na chanjo ya kifaduro. Watu 11 kati yao walikuwa na hitilafu katika kinasaba kimoja, SCN1A, kinachohusishwa na aina kali ya kifafa cha watoto wachanga. Ugonjwa ule ungewafikia. Homa ya baada ya chanjo pengine iliufanya uonekane siku ile badala ya siku nyingine.

Niliposoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Maana yake ni kwamba baadhi ya wazazi waliopigania sheria ile, na walioifanya ipite, walikuwa wamekosea kuhusu sababu. Hawakuwa waongo. Waliona walichoona kwa macho yao: kabla na baada. Na mtoto alikuwa kweli mgonjwa, anahitaji mtu wa kumlisha, kumwogesha, kumpeleka hospitali, kwa maisha yake yote. Kama malipo yangesubiri sayansi imalize kusema, yangesubiri miaka 20, na huenda hatimaye yangekataliwa.

Hapo ndipo hati ya Washington ilianza kunieleweka. Neno lile, "kila upande ukibaki na msimamo wake", linafanya kazi ambayo mahakama ya kawaida haiwezi. Linatenganisha mahitaji ya mgonjwa na ubishi kuhusu sababu. Mtu hawezi kula ukweli wa kisayansi ambao bado haujapatikana. Na mbele ya ukweli ambao hakuna anayeujua, kukiri ni uongo kama kukana.

Lakini sitaki kuipamba. Utaratibu huu una gharama, na anayeilipa ni yule yule aliyeumia. Malipo ya kifo yaliwekwa dola 250,000 mwaka 1986, na kiwango cha juu cha maumivu na mateso kikawekwa hapo hapo. Hayajapandishwa tangu hapo, ingawa bei za vitu zimepanda kila mwaka. Mwaka 2011, katika kesi ya Bruesewitz dhidi ya Wyeth, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 2 kwamba sheria ile inamzuia mtu kumshtaki mtengenezaji kwa hoja kwamba chanjo ingeweza kubuniwa kwa usalama zaidi. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akiona kwamba sasa hakuna anayemsukuma mtengenezaji aboreshe bidhaa yake. Unaweza kukubaliana na walio wengi, kama ninavyoelekea mimi, na bado ukaona jaji yule ameweka kidole penye kidonda.

Kuna gharama nyingine isiyohesabika kwa dola. Kesi ya Cutter ilitoa zaidi ya hundi. Ilifanya watu waapishwe wakasimama na kueleza namna chanjo ilivyotengenezwa, nani alijua nini, tarehe ngapi. Makubaliano ya kurasa chache hayatoi hadithi. Mama aliyeuguza mtoto anataka fedha, ndiyo, lakini anataka pia mtu amtazame usoni aseme: ilikuwa hivi. Penye kosa la kweli, kama pale Berkeley, hadithi hiyo ni haki yake na ni kinga ya watoto wanaokuja. Pasipo na kosa, bado anastahili maelezo. Hati inayokana na kulipa inampa kimoja na kumnyima kingine, na anayeisaini mara nyingi anajua hivyo.

Sasa nirudi Tanga.

Wakati mama mdogo ananipigia simu ile ya 2021, jibu la swali lake lilikuwa limeshakuwepo kwa miezi minne. Februari mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitia saini na kampuni ya bima ya Chubb kuanzisha mpango wa fidia bila kutafuta mkosaji, kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati zinazopokea chanjo za COVAX kwa msaada. Mwisho wa Machi ukaanza kupokea maombi. Fedha zake zilitokana na tozo ndogo kwenye kila dozi, kama zile senti 75 za Marekani. Mtu aliyelazwa hospitali, akapata ulemavu wa kudumu au akafa kwa sababu ya chanjo aliweza kuomba, yeye au warithi wake, bila kwenda mahakamani. Kiasi kilifuata ukubwa wa madhara na pato la wastani la mtu katika nchi yake, kwa hiyo mguu wa mtu wa nchi maskini ulikuwa na bei ya nchi maskini. Na anayepokea anasaini kwamba jambo limekwisha, hatamshtaki mtu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo 92.

Mimi, mwandishi wa habari, niliyeandika kuhusu chanjo karibu kila wiki miezi ile, sikuandika hata mstari mmoja juu yake. Na nikijichunguza, si kutojua tu. Katikati ya mwaka 2021 sisi tuliokuwa tunaunga mkono chanjo tulikuwa na woga fulani: ukitaja fidia umetaja madhara, ukitaja madhara umewapa watu wa WhatsApp chakula. Kwa hiyo mtu akiuliza "nani atalipa" tunamjibu "ni salama". Historia niliyoisimulia hapa inaonyesha woga huo ulikuwa wa kijinga. Kifaduro kilirudi Uingereza wakati watu wanaambiwa watulie na huku wanaona wazazi wakipigania fidia kwa miaka bila kusikilizwa. Mtu anayeuliza nani atalipa hajakataa kuchanjwa. Anajadili masharti, kama mtu mzima yeyote anavyojadili masharti kabla ya kutoa mkono wake.

Mwaka huu nilipokwenda Tanga wakati wa Ramadhani nikamweleza yote, tumekaa barazani tukisubiri adhana. Yeye alikuwa amechanjwa zamani, Novemba ile ile ya 2021. Mkono ulimuuma siku mbili, basi. Nikamweleza Cutter, nikamweleza Wajerumani, nikamweleza hati inayokana na kulipa. Nilidhani itamkasirisha kama ilivyonikasirisha mimi.

"Mbona hilo si geni," akasema. "Mimi sasa sukari imenikataza kufunga. Kila siku nalisha maskini mmoja. Ile inaitwaje?"

"Fidia."

"Haya. Nimekosa nini? Sijakosa kitu. Ila kuna jambo limepungua, na lazima nilijazie." Akatengeneza khanga begani. "Lakini mimi nikitoa fidia yangu, nasema natoa kwa ajili gani. Sitoi huku nakana."

Sikuwa na la kumjibu. Tukakaa kimya kidogo, halafu akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa na gazeti zima. Mbona hukutuambia?"

Adhana ikaanza. Nikampa tende.